Si kila tundu la Type-C linachaji laptopu: funzo kutoka Nachingwea kwa mnunuzi na muuzaji

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, makala hii inahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni waya wa kuchajia laptopu. Tumeona tuliandike kwa sababu familia nyingi za Unguja, Pemba na Mafia zina kijana aliyeko mbali kwa masomo au kazi, na humnunulia chombo hiki kwa fedha za upatu au za akiba ya muda mrefu. Kikigoma kuchaji hasara huwa ni ya wote, na mara nyingine ulimi nao hupata hasara yake.

Kisa cha nyumbani kwetu

Mdogo wangu anasomesha skuli ya sekondari wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Mama alipopokea zamu yake ya upatu alimnunulia laptopu ya mitumba, nyepesi, yenye matundu mawili ya Type-C. Muuzaji alimpa na chaja yake, ile yenye kiboksi kizito. Tulipokuwa tunafunga mzigo wa kupanda boti hadi Dar es Salaam na kisha basi la Kusini, mimi mwenyewe niliitoa ile chaja. Nilimwambia mama, "Mzigo utakuwa mzito bure. Huko anayo chaja ya simu ya Type-C, tundu ni lile lile."

Mzigo ulifika salama, alhamdulillah. Mdogo wangu akachomeka chaja ya simu na kusubiri usiku mzima, na asubuhi laptopu haikuonesha hata taa. Aliazima chaja za simu za walimu wenzake watatu, hali ikawa ile ile. Siku ya Jumamosi akaipeleka Ruangwa kwa fundi. Fundi akamwambia bodi imeungua, haina tena matengenezo, na kwamba akitaka anaweza kuinunua kama chuma chakavu. Wakati huo mitihani ilikuwa karibu na maswali yake yote alikuwa anayaandika kwa mkono.

Huku nyumbani mama aliumia sana. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa namna muuzaji yule alivyomdhulumu mjane. Maneno yakafika sokoni, na baadhi ya watu wakaacha kununua kwake.

Kabla ya kuiuza, mdogo wangu alimwonesha mwalimu wa hisabati wa skuli yao. Yule mwalimu aliigeuza, akasoma maandishi yaliyoko chini, kisha akaleta chaja ya laptopu yake mwenyewe. Alipoichomeka taa iliwaka papo hapo. Laptopu ilikuwa nzima, na muuzaji hakuwa amedanganya chochote. Kosa lilikuwa langu, kwa kuitoa chaja ndani ya mzigo kwa kudhani kwamba tundu likilingana na umeme unalingana.

Betri inahitaji nini

Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza mkononi. Kinywe ndicho kinachopakwa upande mmoja wa betri za lithiamu, za simu na za laptopu. Tunapochaji, chembe za lithiamu husukumwa kwa umeme mpaka zikaingia katikati ya tabaka za kinywe na kukaa humo. Tunapotumia, hutoka na kurudi upande wa pili. Katika wilaya ya Nachingwea, kwenye kilima cha Ntaka, kumegunduliwa nikeli, ambayo nayo hutiwa katika aina nyingi za betri hizi.

Kazi hiyo ya kusukuma inataka nguvu ya kutosha. Betri ya simu huwa na seli moja au mbili. Betri ya laptopu huwa na seli kadhaa zilizoungwa pamoja, kwa hiyo volti 5 za chaja ndogo ya simu hazitoshi kwa laptopu nyingi. Ndani ya laptopu pia kuna chipu inayosimamia uchajaji. Ikiona umeme uliokuja ni mdogo mno au haijulikani umetoka wapi, huukataa. Ndiyo maana laptopu nzima inaweza kukaa kimya kama maiti ukiichomekea chaja isiyofaa.

Basi kuna mambo matatu ambayo lazima yakubaliane, nayo ni tundu, chaja na waya. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayasaidii.

Kwanza: tundu

*Tundu la USB la mstatili.* Hili ni lile la zamani linaloingia flashi na mausi. Hili halichaji laptopu hata siku moja. Kazi yake ni kutoa umeme, siyo kupokea. Katika baadhi ya laptopu huwa limechorwa alama ya radi, na watu hudhani ndilo la kuchajia. Maana ya alama ile ni kwamba unaweza kuchaji simu hapo, mara nyingi hata laptopu ikiwa imezimwa. Kuna waya unaouzwa wenye kichwa cha mstatili pande zote mbili. Usiutumie kuunga chaja na tundu hili, unaweza kuunguza chombo.

*Tundu la duara, au la kampuni yenyewe.* Hili limetengenezwa kwa kazi ya kuchaji tu. Laptopu nyingi za HP, Dell, Acer na Asus za miaka iliyopita zinalo la duara, Lenovo wana la mstatili mdogo, na Apple wana lile linalonasa kwa sumaku. Hapa tatizo ni kwamba kila kampuni ina kipimo chake, na hata kampuni moja ina vipimo zaidi ya kimoja. Baadhi ya chaja, kama za Dell na HP, zina sindano nyembamba katikati inayoiambia laptopu "mimi ni chaja yako". Sindano ile ikivunjika, laptopu inaweza kuwaka kwa umeme wa ukutani na huku betri haiingizi kitu.

*Tundu la Type-C.* Hili ndilo lililotukosesha sisi. Ni dogo, lina umbo la yai, na kichwa chake huingia upande wowote. Lilitangazwa mwaka 2014, na umbo lake ni moja kwenye simu, laptopu, pawabenki na televisheni. Lakini umbo ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Kuna laptopu ambayo tundu lake la Type-C linapokea chaji, na kuna ambayo tundu lake ni la kupitisha mafaili na picha tu. Nyingine ina matundu mawili ya aina hiyo, moja linapokea na la pili halipokei.

Utajuaje? Angalia alama iliyo pembeni ya tundu. Mchoro wa plagi, au wa betri, au herufi PD ni dalili kwamba linachaji. Herufi SS peke yake, au SS yenye namba 5 au 10, inaeleza kasi ya kupitisha mafaili tu. Radi yenye ncha ya mshale ni alama ya Thunderbolt, na matundu ya aina hiyo kwenye laptopu nyepesi kwa kawaida hupokea chaji. Kama hakuna alama yoyote, tafuta jina kamili la laptopu pamoja na namba yake, usome maelezo ya kampuni. Usitosheke na jina la familia yake. Kwa mfano, Lenovo ThinkPad T460 na T480 zinafanana kwa sura, lakini T460 haina tundu la Type-C kabisa, na T480 inachajiwa kwa Type-C.

Pili: chaja

Geuza chaja usome maandishi yaliyoandikwa OUTPUT. Utaona volti (V) na ampea (A). Zidisha volti kwa ampea, utapata wati (W), yaani nguvu ya chaja. Kisha soma maandishi ya chini ya laptopu yenyewe, ulinganishe.

Chaja ndogo ya simu iliyoandikwa 5V na 2A ina wati 10. Ile ya "kuchaji haraka" yenye 9V na 2A ina wati 18. Laptopu nyingi za kawaida zinataka wati 45 au 65. Chaja ya Type-C ya laptopu ya wati 65 huandikwa mfululizo wa volti: 5V, 9V, 15V, na mwisho 20V na 3.25A. Hiyo 20V ndiyo ya kutafuta. Chaja ambayo maandishi yake yanaishia 9V au 12V ni ya simu, hata kama tangazo lake linasema ina nguvu kubwa.

Chaja hizi zenye mfumo wa PD huanza na volti 5 tu, kisha huulizana na chombo kilichochomekwa. Chombo kikisema kinahitaji volti 20, chaja hupandisha. Kisipojibu, hubaki kwenye 5. Kwa hiyo chaja nzuri ya laptopu ya Type-C inaweza kuchaji simu bila ya kuidhuru. Lakini chaja ndogo ya simu haiwezi kubeba mzigo wa laptopu.

Je, wati zikizidi? Hakuna ubaya. Laptopu ya wati 45 ikichomekewa chaja ya PD ya wati 65 au 100 itachukua kile inachokihitaji. Zikipungua, itachaji polepole, au itachaji ikiwa imezimwa tu, na nyingine hukataa kabisa.

Kwa tundu la duara hukumu ni tofauti. Chaja za duara haziulizani volti na laptopu, hutoa ilizoandikiwa. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, kwa mfano 19.5V kwa 19.5V. Ampea ziwe sawa au zizidi. Mchoro wa jumlisha na toa unaoonesha katikati ya kichwa nao lazima ulingane. Na tahadhari na vile vichwa vidogo vinavyouzwa vya kugeuza chaja ya duara iwe Type-C. Baadhi yake husukuma volti 19 moja kwa moja bila ya kuuliza, na ukikosea ukakichomeka kwenye simu, simu imekwenda.

Tatu: waya

Wengi hatuuhesabu waya, na kumbe ndio uliotushinda. Waya wa simu wa mdogo wangu ulikuwa na kichwa cha mstatili upande wa chaja na Type-C upande wa pili. Waya wa namna hii hauwezi kubeba yale mazungumzo ya PD. Hata ukiuunga kwenye chaja kubwa, laptopu itapata volti 5.

Unaotakiwa ni wenye Type-C pande zote mbili. Wa kawaida wa aina hiyo unabeba ampea 3, maana yake wati 60 kwa volti 20. Laptopu inayotaka wati 100 inahitaji waya wa ampea 5, ambao una chipu ndani ya kichwa chake na huandikwa 100W au 240W. Ukiuona waya mwembamba sana wa bei ya chini umeandikwa 240W, jihadhari. Waya ukipata moto mkononi au kunuka, uchomoe.

Umeme ukikatika, na umeme wa jua

Ndugu walioko vijijini Nachingwea na Ruangwa, na wengine huku visiwani, hutegemea paneli ya jua na betri ya volti 12. Usiunganishe waya za betri hiyo moja kwa moja na laptopu. Tumia inveta pamoja na chaja yako ya kawaida, au chaja ya gari yenye Type-C iliyoandikwa PD na 20V. Hii ya pili haipotezi umeme mwingi kama inveta. Pawabenki nayo isomwe maandishi: kama OUTPUT yake ni 5V pekee haitaisaidia laptopu, hata iwe nzito kama tofali.

Betri ya laptopu ikivimba, mpaka pedi ya kugusia ikainuka au mfuniko ukaachana, acha kuichaji na kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe wala usiikandamize. Ipelekwe kwa fundi mwaminifu aitoe.

Namna ya kujaribu dukani

Kabla ya kulipa, hakikisha betri iko chini ya asilimia 80, kwa sababu baadhi ya laptopu zimewekwa zisichaji kupita hapo. Chomeka chaja utakayopewa, katika kila tundu linalodaiwa kuchaji, na utazame alama ya betri kwa dakika kumi. Asilimia zinapanda? Kisha chomoa uone kama laptopu inaendelea kuwaka. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuandikia betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Iliyobaki na nusu itakuchosha mapema.

Mambo yanaelekea kuwa mepesi. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko kuwa na Type-C ya kuchajia tangu tarehe 28 Disemba 2024, na laptopu mpya kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Lakini mitumba inayofika kwetu ni ya miaka ya nyuma, kwa hiyo kusoma maandishi kutabaki kuwa lazima kwa muda mrefu.

Upande wa sharia

Muuzaji anayejua kwamba tundu la kuchajia limekufa, au betri imechoka, anawajibika kumwambia mnunuzi. Inajulikana katika Hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye nalo kwa kuuficha. Tundu bovu lililofichwa kwa kuchaji betri ikajaa kabla mteja hajafika ni unyevu ule ule. Na risiti iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi haimhalalishii muuzaji kuficha kasoro anayoijua.

Kwa upande wa mnunuzi, madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu tunayafuata, yanampa milango mitatu. Wa kwanza ni khiyari ya kikao: maadamu wawili hao hawajaachana, kila mmoja anaweza kuvunja biashara. Wa pili ni khiyari ya sharti: wanaweza kukubaliana muda wa kujaribu, usiozidi siku tatu. Wa tatu ni khiyari ya aibu: ikidhihiri kasoro iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Lakini haki hii ya tatu ni ya papo kwa papo. Akishaijua kasoro na akaendelea kuitumia mali, au akachelewa bila ya udhuru, haki ya kurudisha humponyoka. Ndiyo maana laptopu ya kwenda Nachingwea ijaribiwe Unguja, kabla haijafungwa.

Tundu la Type-C ambalo kampuni haikulitengeneza lipokee chaji si kasoro, kwa kuwa chombo ni kizima kwa namna yake. Ila kama muuzaji alisema linachaji, au mnunuzi aliliwekea sharti hilo, basi mnunuzi ana haki ya kurudisha kwa kukosekana sifa waliyokubaliana. Kwa hiyo uliza kwa maneno ya wazi, tena mbele ya mtu: "Tundu hili linachaji? Kwa chaja hii?"

Anayeazima chaja ya mwenzake naye akumbuke kwamba azima ina dhamana. Ikiharibika kwa matumizi yasiyokuwa yale aliyoruhusiwa, ataigharimia. Na umeme wa msikiti ni mali ya waumini iliyowekwa kwa ajili ya ibada. Anayetaka kuchaji laptopu humo, umeme ukikatika mtaani, aombe ruhusa kwa wasimamizi na achangie kinachowezekana.

Deni lililobaki

Chaja tuliituma kwa basi, na mdogo wangu akamaliza maswali ya mitihani yake. Lakini lilibaki deni la yule muuzaji. Surat Al-Hujurat imetufundisha tuzichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na tujiepushe na dhana mbaya. Sisi tulianza na dhana, kisha tukaisambaza.

Mama alivaa baibui akaniambia nimfuate. Tulikwenda dukani, akamwomba radhi mbele ya wateja, nami nikasema kosa lilikuwa langu. Muuzaji alisamehe, na aliongeza neno moja: lau tungempigia simu siku ile ya kwanza, angetuuliza tunatumia chaja gani. Baada ya hapo mama alirudi nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyemsimulia, akawaeleza kwamba yule mtu hakutudhulumu. Ilimchukua siku mbili. Kusema kulimchukua jioni moja tu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie ukweli katika kuuza na kununua kwetu, na azihifadhi ndimi zetu na heshima za ndugu zetu.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.